Ushujaa wa Mchezoni

Mzazi mmoja wa Misigiri ametuletea swali ambalo tumelikalia kwa majuma matatu. Asema kwamba mwanawe, aliye darasa la saba, kila jioni huinamia simu akimwongoza kijana wa picha mwenye kanzu ya kijani na upanga mkononi, akipita misitu na mapango na kuua mazimwi. Mzazi huyu hakutuuliza kama mchezo huo wampotezea mtoto muda. Hilo amekwisha kuliamua mwenyewe. Aliuliza neno jingine. Mtoto, alipokaripiwa, alijitetea kwamba mchezo wamfundisha ushujaa. Je, ni kweli?

Swali hili si la kujibiwa kwa haraka. Limewashughulisha wanafalsafa tangu kale, ingawa hao hawakuwa na simu, nalo lina uzito wa pekee mahali kama Misigiri, kwa sababu tutakayoitaja mbele. Basi twawaomba wasomaji wetu wawe na subira nasi, maana si haki kuuhukumu mchezo kabla ya kuujua.

Kijana mwenye kanzu ya kijani jina lake ni Link. Mfululizo wa michezo yake waitwa The Legend of Zelda, na wengi hudhani kwamba Zelda ndiye yeye. Sivyo, Zelda ni binti mfalme wa nchi ya kubuniwa iitwayo Hyrule, na jina hilo watungaji walilipata kwa mke wa mwandishi Mmarekani F. Scott Fitzgerald. Mchezo wa kwanza ulitoka Japani tarehe 21 Februari 1986. Ulitengenezwa na kampuni ya Nintendo ya mji wa Kyoto, ambayo ilianzishwa mwaka 1889, wala haikuanza na mashine yo yote, bali na karata za kuchezea zilizopambwa kwa picha za maua. (Kumbe tangu zamani wazee hawakukosa la kuwalalamikia vijana.) Watungaji wakuu walikuwa Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, na muziki ulitungwa na Koji Kondo.

Miyamoto alikulia Sonobe, mji mdogo karibu na Kyoto, na amesimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa akizurura vilimani utotoni pasipo ramani, hata akakuta pango, akaingia ndani kwa taa. Alipokuwa mtu mzima alitaka watoto wanaokaa ndani ya nyumba wapate nao ile furaha ya kufika mahali pasipojulikana. Jambo hili latupendeza. Mtu aliyelikumbuka pango la utoto wake, akawagawia watoto wa dunia nzima, si adui wa malezi. Na mchezo wenyewe waanza hivyo hivyo. Kijana yu peke yake uwandani, hana silaha, ana mioyo mitatu tu iliyochorwa juu ya kioo kuwa kipimo cha uhai wake. Mbele yake pana mlango wa pango. Akiingia amkuta mzee, naye mzee amwonya kwamba kwenda peke yake ni hatari, kisha ampa upanga wa mti. Baada ya hapo hakuna amwambiaye aelekee wapi. Wachezaji wengi wa siku zile walijichorea ramani kwa kalamu na kuulizana shuleni njia za kupita.

Tangu hapo mfululizo umeendelea kwa karibu miaka arobaini. Ocarina of Time ya mwaka 1998 iliwafundisha watengenezaji wengine namna ya kumkazia macho adui mmoja katika uwanja unaoonekana kwa kina chake chote, na namna hiyo imeigwa na michezo isiyohesabika. Breath of the Wild ilitoka mwaka 2017, na Tears of the Kingdom mwaka 2023. Hiyo ya mwisho iliuza nakala zaidi ya milioni 10 katika siku tatu za kwanza. Katika vibanda vya gemu vya miji yetu Link haonekani sana. Huko mpira wa miguu ndio mfalme, na mtoto hubaki kuwa Simba au Yanga hata akicheza na timu ya Uingereza. Link hufika kwetu kwa simu: michezo yake ya kale hunakiliwa na kupelekwa kutoka simu hadi simu, kwa njia ambayo kampuni ya Kyoto isingeipenda hata kidogo. Nalo hilo lina hukumu yake katika maadili, ila si la leo.

Wala tusidhani kwamba michezo ya namna hii ni ya ugenini tu. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, ambamo mwanamke wa Kiafrika atafuta vitu vya kale. Na mwaka 2009 yeye na Mghana Eyram Tawia walianzisha kampuni ya Leti Arts, wakikusudia kuwatia mashujaa wa masimulizi ya Kiafrika katika michezo na vitabu vya picha. Twawapongeza. Lakini swali la mzazi wetu halibadiliki kwa kubadilika kwa sura ya shujaa.

Wako wasomaji wanaotaka tuulaumu mchezo kwa ajili ya uchawi uliomo. Hapa hatufuatani nao. Mazimwi na majini ni wenyeji wa hadithi zetu tangu bibi zetu waliposema "Paukwa" nasi tukaitikia "Pakawa". Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, aliwageuza ndugu wawili wasaliti kuwa manyani, wala hatujasikia mtu aliyejifunza uchawi kwa kukisoma kitabu kile. Tena, kwa wanaopenda mambo ya ajabu, katika mchezo wa kwanza ngao ya Link ilikuwa na alama ya msalaba, na katika toleo la Kijapani kile kitabu kinachoitia moto fimbo yake ya uchawi kiliitwa Biblia. Twatabasamu kidogo, twapita.

Turudi kwa neno lenyewe, ushujaa. Mtoto hakulibuni. Tangu mchezo wa pili, wa mwaka 1987, katika nchi ya Hyrule mna pembetatu tatu takatifu, moja ya Nguvu, moja ya Hekima, na moja ya Ushujaa. Katika michezo iliyofuata imekuwa desturi kwamba Nguvu imo mikononi mwa adui, jina lake Ganon, Hekima kwa binti mfalme, na Ushujaa kwa Link. Basi mchezo wenyewe wadai kwamba unahusu ushujaa, na ni haki kuupima kwa dai lake.

Aristoteli, mwanafalsafa wa Uyunani, aliandika kwamba shujaa kwa maana kamili ni yule asiyetishika mbele ya kifo chema na mbele ya hatari ziletazo kifo hicho. Kisha akawataja watu wanaofanana na mashujaa wasiwe mashujaa. Mmoja ni askari mzoefu. Huyo husimama imara kwa kuwa ajua, kutokana na vita vingi, kwamba vitisho vingi ni vitupu. Walakini hatari ikipita kipimo chake, hukimbia wa kwanza, na raia asiye na uzoefu hubaki na kufa mahali pake. Mwingine ni mtu wa matumaini mengi, ambaye kwa kuwa ameshinda mara nyingi adhani atashinda daima. Huyu Aristoteli amfananisha na mlevi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alizipokea hoja hizi karne nyingi baadaye, wala sisi hatujaona aliyezitangua.

Tumtazame sasa mchezaji. Mchezo wa kwanza ulipofika Marekani mwaka 1987, ulikuja katika kaseti ya rangi ya dhahabu, na ndani ya kaseti mlikuwa na betri ndogo. Betri hiyo ndiyo iliyoshika kumbukumbu: yale aliyoyapata mtoto leo hakuyapoteza kesho, hata mashine ikizimwa. Na Link akifa, kioo chaleta maneno matatu: kuendelea, kuhifadhi, kujaribu tena. Kufa ni kama kujikwaa. Mchezaji apigana na zimwi moja mara ishirini, na mara ya ishirini na moja alishinda. Hatusemi kwamba hana kitu. Ana ustadi, ana subira, ana jicho la kuchungulia mwendo wa adui. Haya ni mema, nasi tungefurahi kuyaona katika daftari lake la hesabu. Lakini yeye ndiye yule askari ajuaye kwamba vitisho ni vitupu. Na katika mchezo ni vitupu kweli, vyote pia.

Tulinganishe na shujaa wa kwetu. Fumo Liongo wa pwani ya kaskazini, ambaye Muhamadi Kijumwa wa Lamu alimwandikia utenzi mwaka 1913, alikuwa mtu ambaye silaha hazikumdhuru, isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo aliijua mwenyewe. Mwanawe, aliyetumwa na adui, alimwuliza ni kitu gani kiwezacho kumwua, na Liongo alimwambia, ingawa moyoni alitambua kwamba kijana ametumwa. Mtoto akamchoma baba usingizini. Liongo aliamka na sindano mwilini, akatwaa upinde na mishale, akaenda hata kisimani, akapiga goti na kuuvuta upinde, akafa katika hali hiyo hiyo. Watu wa mji waliuona upinde umevutwa, nao kwa siku kadhaa hawakuthubutu kuteka maji, mpaka alipoanguka wakajua kwamba alikwisha kufa.

Msomaji aangalie tofauti. Link ana mioyo mitatu, huongezewa mingine, na ikiisha yote huanza tena. Liongo ana mlango mmoja wa mauti, akamwonyesha mwanawe. Watoto waliosikia hadithi ile jioni hawakumwomba babu amrudishe Liongo kitandani ili aamke mapema zaidi. Walinyamaza, wengine walilia. Ukimya ule ulikuwa ni sehemu ya mafunzo.

Hapa yuko atakayetupinga, naye ana haki. Atasema: ninyi mwadai mchezo uwe vita, na ilhali mchezo ni mchezo. Wachungaji wadogo wa Iramba hupigana kwa vijiti malishoni, huwinda panya kwa pinde za matawi, wala hakuna awaambiaye kwamba si mashujaa kwa kuwa hawafi. Hivyo ndivyo mtoto anavyojizoeza. Ni kweli. Tena Mtakatifu Tomaso, alipouliza kama mchezo waweza kuwa tendo la fadhila, alijibu kwamba ndiyo, akaleta hadithi ya kale juu ya Mwinjili Yohane. Watu walimkuta Yohane akicheza na wanafunzi wake, wakakwazika. Yohane akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mshale. Akapiga mmoja, akapiga mwingine, na mwingine. Akamwuliza: waweza kuendelea hivi bila kupumzika? Akajibu kwamba upinde utavunjika. Yohane akasema kwamba hata akili ya mtu huvunjika isipolegezwa. Katika nchi hii ambayo Wahadzabe hawako mbali nasi, hapana haja ya kumweleza mtu upinde ni nini. Mzazi ampaye mtoto vitabu asubuhi, shamba mchana, na vitabu tena usiku, asistaajabu akisikia mlio wa kuvunjika.

Basi mchezo ni halali, na mtoto apewe. Lakini kijiti cha malishoni kinaumiza. Anayepigwa kwa kijiti ana alama mkononi, na aliyempiga aiona alama hiyo, kesho wakutana tena kisimani na lazima wasemezane. Kidogo cha kupoteza kimo ndani ya mchezo ule. Katika simu hakimo.

Ajabu ni kwamba watengenezaji wa Zelda wenyewe, kwa jinsi tuonavyo, walihisi upungufu huu. Mwaka 2000 walitoa Majora's Mask. Humo mwezi wenye uso wa kutisha waishukia nchi, na baada ya siku tatu utaiponda. Siku tatu hazimtoshi Link kumaliza kazi, basi apiga filimbi yake na kuzirudisha siku zile mwanzo. Lakini kila arudipo, watu wote aliowasaidia wamerudi katika taabu zao, wala hawamkumbuki. Yumo msichana wa nyumba ya wageni anayemngoja mchumba wake aliyepotea. Mchezaji aweza kuzitumia siku zote tatu kuwakutanisha, nao hukutana wakati mwezi umekaribia kugusa mapaa. Kisha siku zikirudishwa, msichana yupo tena mahali pake, anangoja. Mchezaji amebaki na kinyago alichopewa kuwa zawadi. Msichana hakubaki na kitu.

Tumelifikiri jambo hili kuliko tulivyotazamia tulipoanza kuandika. Kile kitufe cha kurudi nyuma hakifuti kifo peke yake, bali chafuta na tendo jema pia. Mtu asiyeweza kupoteza hawezi kutoa, kwa sababu alichotoa kitarudi mfukoni mwake kabla ya jua kuchwa. Ndiyo sababu twasema kwamba alichonacho mtoto wa mzazi wetu ni sura ya ushujaa, kama picha ya mtu ilivyo sura ya mtu. Sura si uongo. Mtu aweza kumpenda babu yake kwa picha tu, asipopata kumwona. Lakini asidhani kwamba amekwisha kuzungumza naye. Mchezo wa 2017 ulikwenda hatua moja zaidi: Link aamka baada ya usingizi wa miaka mia, wenzake wanne wamekwisha kufa, na hakuna kitufe cha kuwarudisha. Hata panga zake huvunjika mkononi. Wachezaji wengi walinung'unika juu ya panga hizo. Sisi twadhani ndilo jambo la busara kuliko yote yaliyomo.

Kama tungeandikia wasomaji wa mji mwingine, tungeweza kukomea hapa. Misigiri ni mahali pengine. Kutoka njia panda, pale barabara ya Kiomboi inapoachana na barabara kuu ya Singida na Nzega, ukienda magharibi utashuka mteremko wa Sekenke kuelekea Shelui. Katika nchi ile mna dhahabu. Wajerumani waliivumbua mwaka 1907, na katika vita vyao, mwaka 1916, walipiga kwayo huko Tabora sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, ambazo leo matajiri wa Ulaya hununua kwa bei isiyosemeka. Mgodi wa wakubwa ulifungwa zamani, lakini wachimbaji wadogo wanaendelea, na wengi wao ni vijana wetu.

Hapo pana mapango ya kweli. Kijana hushuka kwa kamba, tochi kichwani, ndani ya shimo ambalo kuta zake pengine zimeshikwa kwa magogo na pengine hazikushikwa kwa kitu. Wengine hawajafikia umri, ingawa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yaihesabu kazi ya migodini kuwa kazi ya hatari isiyomfaa mtoto. Hatusemi kwamba waliingizwa na gemu. Waliingizwa na njaa, na ada, na mvua iliyokatika mahindi yakiwa maua. Lakini ukikaa nao wasikilize wanavyosema. Aliyepata gramu chache juma lililopita ana hakika ya juma lijalo. Shimo lililomrudisha jana litamrudisha na leo. Huyu ndiye mtu wa matumaini mengi wa Aristoteli, ndiye aliyefananishwa na mlevi, na twaogopa kwamba jioni nyingi za kufa na kuamka zaweza kumkuza mtu wa namna hiyo bila mzazi kutambua. Kama gemu ina dhambi, twaitafuta upande huu, wala si kwa mazimwi.

Kwa hiyo tumemwandikia mzazi wetu kwamba asiifiche simu kabla ya kumwomba mwanawe amwonyeshe pango la kwanza, lile lenye mzee na upanga wa mti. Yule mzee hamzuii kijana kwenda wala hamsukumi. Amwambia kwamba njia ina hatari, ampa kitu cha mkononi. Watoto wengi wa njia panda wana simu na hawana mzee huyo.

Na kama kijana ataka kujua ushujaa ni nini, hana haja ya kusafiri mbali. Wachimbaji wana desturi ambayo hakuna aliyewaandikia. Shimo likiporomoka na mtu yumo, wenzake hushuka saa ile ile kumfukua kwa majembe na kwa mikono, kabla ya udongo kutulia, nao wajua kuliko sisi kwamba udongo ulioanguka mara moja huanguka tena. Wengine ni watu tusiowaona kanisani, na maneno yao hayafai kuandikwa katika gazeti hili. Hushuka wawili, watatu, wa juu wakishika kamba.